Mbunge huru katika mijadala ya Bunge la Taifa la Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wapiga kura, wasaidizi wa wabunge, waandishi wa habari na wanafunzi wanaotaka kujua mbunge asiye na chama anachangiaje sera za nchi. Majibu yanahusu Bunge la Taifa. Seneti tumeigusa pale tu inapobidi.

Mbunge huru ni nani hasa?

Ni mbunge aliyeingia bungeni bila tiketi ya chama. Ibara ya 85 ya Katiba ya 2010 inamruhusu mtu kugombea hivyo mradi asiwe mwanachama wa chama kilichosajiliwa, na asiwe amekuwa mwanachama katika miezi 3 kabla ya uchaguzi. Ibara ya 99 inaongeza kwamba lazima aungwe mkono na wapiga kura 1,000 waliosajiliwa katika eneobunge lake. Anayewania useneta anahitaji 2,000 katika kaunti.

Wabunge wa namna hii ni wachache. Mwaka 2013 walikuwa 4 katika Bunge la Taifa, 2017 wakawa 14, na 2022 wakawa 12, miongoni mwao Ronald Karauri wa Kasarani na Caroline Ngelechei, Mwakilishi wa Wanawake wa Elgeyo Marakwet. Katikati ya muhula pia huweza kutokea mwingine: Desemba 2020 Feisal Bader alishinda uchaguzi mdogo wa Msambweni, Kwale, akiwa mgombea huru.

Wengi huchanganya mbunge huru na mbunge aliyegombana na chama chake. Aliyegombana bado ni wa chama, chama bado kinaweza kumwadhibu, na akijiuzulu uanachama anapoteza kiti.

Akishaingia bungeni anaweza kujiunga na chama?

Akijiunga, kiti kinakuwa wazi. Ibara ya 103 haina simile: aliyechaguliwa kwa chama akikihama anapoteza kiti, na aliyechaguliwa akiwa huru akijiunga na chama anapoteza vilevile. Kupiga kura pamoja na upande fulani, au kutangaza kwamba anauunga mkono, si kujiunga. Baada ya uchaguzi wa 2022 wengi wa wabunge huru walitangaza kuwa upande wa muungano wa Kenya Kwanza na viti vyao havikuguswa. Hivyo mpiga kura anayemsikia mbunge wake “huru” akisifu muungano mmoja kila wiki asidhani sheria imevunjwa. Analoweza kumuuliza ni uhuru huo una kazi gani.

Anapataje nafasi ya kuzungumza ukumbini?

Mbunge anachomeka kadi yake kwenye kifaa kilicho mezani pake na kubonyeza kitufe cha kuomba kuzungumza. Jina linaonekana kwenye skrini ya Spika, kwa mpangilio wa walivyoomba. Spika hafungwi na mpangilio huo. Hutazama pande zote mbili za ukumbi, jinsia, maeneo, na ambao hawajasema kwa muda. Kipo kitufe kingine cha kuingilia kati, kwa ajili ya hoja ya nidhamu, yaani kumwambia Spika kwamba kanuni inavunjwa. Wabunge wapya hukitumia kuomba zamu, na Spika akiwaita wakaanza kuchangia mjadala, hukaripiwa na kurudishwa mwisho wa foleni.

Ugumu uko kwenye saa. Mwanzoni mwa kikao cha mwaka Bunge hupitisha hoja ya kuweka mipaka ya mijadala. Kwa kawaida hoja hupewa saa 3: mletaji dakika 20, wachangiaji dakika 10 kila mmoja, Kiongozi wa Wengi na Kiongozi wa Wachache dakika 15 kila mmoja, kisha dakika 10 za mwisho ni za mletaji kujibu. Wanaotangulia kusema ni Kiongozi wa Wengi, Kiongozi wa Wachache, na mwenyekiti wa kamati inayohusika, kwa mfuatano huo.

Piga hesabu. Dakika 180, toa 20 za mletaji, 10 za anayeunga mkono, 30 za viongozi wawili, 10 za mwenyekiti wa kamati na 10 za kujibu. Zinabaki 100, yaani watu 10, katika Bunge la wabunge 349. Mbunge wa chama anaweza kumtuma kiranja wake, yaani mbunge anayewaratibu wenzake wa chama, amsemee kwa Spika ili awekwe mapema kwenye orodha. Mbunge huru hana wa kumtuma. Anachoweza ni kufika kabla ya kengele kunyamaza, kuchomeka kadi mara tu shughuli hiyo inapotajwa, na kumpelekea Spika kijikaratasi kinachosema kwa nini mjadala huo unamhusu: ana marekebisho kwenye mswada, au eneo lake ndilo lenye mradi unaojadiliwa. Kijikaratasi kisemacho “naomba nafasi” tu hakimpi Spika sababu ya kumteua.

Vikao ni siku gani?

Jumanne mchana saa 8:30, Jumatano asubuhi saa 3:30 na mchana saa 8:30, Alhamisi mchana saa 8:30. Jumatano asubuhi ndiyo ya kuwekwa kwenye shajara. Hapo kipaumbele ni shughuli zisizoletwa na chama cha wengi wala cha wachache, na ndipo hoja na miswada ya wabunge binafsi hujadiliwa. Bahati mbaya ndipo pia ukumbi huwa mtupu. Akidi ni wabunge 50, na mtu mmoja tu akisimama kuuliza kama imetimia, kengele hupigwa. Isipotimia kikao kinaahirishwa. Mbunge huru mwenye hoja Jumatano asubuhi hutumia Jumanne nzima akipiga simu kuwaomba wenzake wafike, kwa kuwa hakuna kiranja wa kumjazia viti.

Dakika 10 zinatosha kusema nini?

Mambo mawili, labda matatu. Salamu na shukrani peke yake zinaweza kula dakika nzima, na kuwasifu waliotangulia kuzungumza kukala nyingine. Mchango wenye uzito unataja kifungu kwa nambari, unasema kina kasoro gani, kasoro hiyo itamuumiza nani, na maneno gani yawekwe badala yake. “Mheshimiwa Spika, kifungu cha 12 kinampa Waziri uwezo wa kutoza ada bila kuleta kanuni hapa Bungeni” ni sentensi ambayo mwenyekiti wa kamati atalazimika kuijibu. “Mheshimiwa Spika, watu wangu wanaumia” inapigiwa makofi na mjadala unaendelea.

Kosa lingine ni kusema yote kwenye hatua isiyofaa. Mswada unaposomwa mara ya pili hujadiliwa msingi wake: je, sheria hii inahitajika? Maneno ya kifungu kimojakimoja yana wakati wake, Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wanapokaa kama kamati kupitia mswada. Mbunge anayemaliza dakika zake akihesabu koma kwenye usomaji wa pili, kisha asilete marekebisho yoyote kwa maandishi, amejichosha bure.

Anaweza kuchangia kwa Kiswahili?

Ndiyo. Ibara ya 120 inataja lugha 3 rasmi za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Sharti la Kanuni za Kudumu, yaani kanuni za kuendesha shughuli za Bunge, ni kwamba lugha uliyoanza nayo ndiyo utakayomaliza nayo. Anayeanza kwa “Asante, Mheshimiwa Spika” kisha akateleza kwenye Kiingereza afikapo kwenye takwimu atasimamishwa kwa hoja ya nidhamu, na wenzake hupenda sana kufanya hivyo. Dawa yake ni kuandika mapema istilahi za mswada kwa Kiswahili, hasa zile za kodi na afya, kabla ya kuingia ukumbini.

Ana kinga ya kusema lolote?

Ana uhuru wa kusema chini ya Ibara ya 117, na hashtakiwi mahakamani kwa maneno ya mjadala. Ila ndani ya ukumbi kuna mipaka. Kanuni ya Kudumu ya 91 inamfanya mbunge awajibike kwa ukweli wa anachodai. Akitakiwa kuthibitisha, athibitishe papo hapo. Akishindwa, Spika anaweza kumpa hadi siku ya kikao kinachofuata. Akishindwa tena, afute kauli na kuomba radhi au ahesabiwe kuwa amekosa nidhamu. Kanuni ya 90 inamtaka atangaze maslahi yake kabla ya kuzungumzia jambo linalomgusa kifedha, na Ibara ya 122 inamkataza kulipigia kura jambo hilo. Kesi iliyo mahakamani isizungumzwe kwa namna ya kuiingilia, na mwenendo wa Rais au wa jaji haujadiliwi ila kwa hoja mahususi iliyoletwa kwa ajili hiyo.

Ushauri wetu kwa wasaidizi: kila takwimu iliyo kwenye dondoo za mbunge iwe na nakala ya waraka ilikotoka, ndani ya faili iliyo mezani. Mbunge wa chama akibanwa, wenzake husimama kumkingia kifua kwa hoja za nidhamu. Mbunge huru hubaki peke yake na faili lake.

Je, hupewa nafasi kwenye kamati?

Hupewa, ingawa si kwa njia ileile. Kamati ya Uteuzi hugawa viti vya kamati kwa kufuata uwiano wa vyama vya bunge, na chama cha bunge ni chama au muungano wenye angalau asilimia 5 ya wabunge. Kati ya wabunge 349 hiyo ni 18. Wabunge huru hawajawahi kufika idadi hiyo, na hata wangefika wao si chama. Kwa hiyo Kanuni za Kudumu zinaeleza kwamba mbunge huru, au wa chama kidogo, anaweza kuteuliwa, na mgao wao ukaribiane na idadi yao.

Kwa vitendo, majina hupangwa na viranja wa pande mbili. Kamati zinazopiganiwa, kama ya Bajeti, ya Fedha na ya Uchukuzi, hujaa kabla jina la mbunge huru halijatajwa. Anayengoja kuulizwa hupata kilichobaki. Anayejua kazi hii huandika barua mapema, wiki za mwanzo kabisa za Bunge jipya, akitaja kamati 3 kwa mpangilio wa mapendeleo yake na ujuzi alio nao katika kila moja, na kuipeleka kwa Spika na kwa viranja wote wawili.

Kuna faida moja ambayo haisemwi sana. Chama cha bunge kina uwezo wa kumwondoa mbunge wake kwenye kamati, na vyama vya Kenya vimeutumia mara nyingi kuwaadhibu waliokaidi. Mbunge huru hana chama cha kumwondoa.

Na kamati asizo mwanachama?

Anaruhusiwa kuhudhuria na kuzungumza kwa idhini ya mwenyekiti, ila hapigi kura. Tunaona nafasi hii haitumiki inavyostahili. Maneno ya mswada hubadilika kamatini, sio ukumbini. Mbunge huru aliyekaa saa 2 kwenye kamati ya afya, akauliza maswali yake na kuacha mapendekezo kwa maandishi kwa karani wa kamati, anaweza kukuta sentensi yake ndani ya ripoti, ikiletwa na mwenyekiti mwenyewe kama marekebisho ya kamati. Jina lake halitatajwa. Sheria itakuwa na maneno yake.

Hoja ya mbunge binafsi hupitia hatua gani?

Kwanza mbunge anaandika rasimu na kuipeleka kwa Karani wa Bunge. Hoja ina sehemu mbili: maelezo ya hali ilivyo, kisha azimio, yaani kile ambacho Bunge linaitaka serikali ifanye. Spika huikagua. Anaweza kuikataa kwa kuwa inapingana na Katiba, ni ndefu kupita kiasi, au lugha yake haifai. Akiikubali, mbunge anatoa ilani ya hoja ukumbini. Kisha Kamati ya Shughuli za Bunge huipangia siku. Siku hiyo anaiwasilisha, mwenzake anaiunga mkono, mjadala unafuata, anajibu, kura inapigwa.

Inakwama wapi? Mara nyingi kwenye kupangiwa siku. Kamati ya Shughuli inaongozwa na Spika na imejaa viongozi wa vyama. Kanuni zinataka maslahi ya wabunge huru yazingatiwe, lakini foleni ni ndefu na miswada ya serikali hupita mbele. Pili ni aliyeahidi kuunga mkono kutoonekana. Hoja isiyoungwa mkono inaanguka hapohapo, bila mjadala. Uwe na watu 2, mmoja kutoka kila upande, na wote wawe ukumbini.

Hata ikipita, azimio la hoja si sheria. Lipo jopo la utekelezaji ndani ya Bunge lenyewe, Kamati ya Utekelezaji, inayofuatilia serikali imefanya nini. Mbunge asiyeiandikia kamati hiyo baada ya miezi michache hoja yake itabaki kwenye makabrasha.

Na mswada wake mwenyewe?

Safari ni ndefu zaidi, ila si lazima iwe ghali. Bunge lina wanasheria wa kuandika miswada, watafiti, na Afisi ya Bajeti ya Bunge iliyowekwa na sheria ya usimamizi wa fedha za umma. Wote humhudumia mbunge yeyote. Mbunge wa chama huweza pia kuegemea sekretarieti ya chama chake. Mbunge huru ajue milango hii tangu wiki ya kwanza.

Pendekezo la sheria linapelekwa kwa Spika, likachunguzwa kabla ya kuchapishwa. Swali kubwa hapo ni Ibara ya 114. Mswada unaogusa kodi, mikopo ya serikali au matumizi kutoka hazina ya umma ni mswada wa fedha, na Bunge haliwezi kuendelea nao ila kwa mapendekezo ya kamati husika, baada ya kuzingatia maoni ya Waziri wa Fedha. Hapa ndipo mapendekezo mengi huzikwa. Kifungu kimoja kinachounda mfuko mpya au halmashauri mpya yenye mishahara kinatosha kuuingiza mswada mzima kwenye kundi hilo. Mwandishi mwerevu huuliza mapema: je, kazi hii haiwezi kupewa taasisi iliyopo?

Ukivuka hapo, mswada unachapishwa kwenye Gazeti Rasmi. Siku 14 zikipita unasomwa mara ya kwanza, bila mjadala, na kukabidhiwa kamati ambayo inatakiwa kukusanya maoni ya umma na kuleta ripoti ndani ya siku 20. Kisha kusomwa mara ya pili, Kamati ya Bunge Zima, kusomwa mara ya tatu. Ukihusu kaunti unakwenda Seneti pia. Mwisho ni Rais, aliye na siku 14 za kutia saini au kuurudisha na maelezo.

Ni wapi basi mchango wake unaonekana zaidi?

Kwenye marekebisho. Tungetakiwa kuchagua chombo kimoja cha mbunge asiye na kundi, tungechagua hiki. Marekebisho hayahitaji foleni ya Kamati ya Shughuli, kwa kuwa mswada wa serikali tayari una siku yake. Hayahitaji mfuasi wa kudumu, ila kura za dakika hiyo.

Sharti ni kumfikishia Karani maandishi angalau saa 24 kabla ya kikao ambacho kifungu kitajadiliwa. Muundo wake hauna mapambo:

“Kwamba kifungu cha 9 kirekebishwe katika kifungu kidogo cha (2) kwa kufuta maneno ‘siku thelathini’ na kuweka mahali pake maneno ‘siku sitini’.”

Mfano huo ni wa kubuni, lakini makosa yafuatayo si ya kubuni. Kwanza, kubadili kifungu cha 9 na kusahau kwamba kifungu cha 31 kinataja siku zilezile, sheria ikatoka inajipinga. Pili, kuleta jambo jipya lisilo ndani ya mswada, ambalo mwenyekiti wa kikao atalikataa. Tatu, kuongeza matumizi ya fedha, na Ibara ya 114 ikajitokeza tena. Nne, ambalo ndilo la kawaida kuliko yote: mwenye marekebisho hayupo ukumbini kifungu kinapoitwa. Vifungu huitwa kwa kasi ya ajabu, mamia ya maneno kwa dakika, na jina likiitwa bila kuitikiwa marekebisho yanaangushwa na kazi inasonga.

Zungumza na mwenyekiti wa kamati siku moja kabla. Akisema ukumbini “kamati haina pingamizi”, mengi huisha hapo.

Kwenye bajeti afuate tarehe zipi?

Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kufikia Februari 15, na Bunge lina siku 14 kuiamua. Makadirio ya matumizi hufika kufikia Aprili 30. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Anayeanza kulalamika Juni amechelewa, kwa sababu viwango vya juu vya kila sekta vimekwishawekwa Februari.

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka ongezeko lolote kwenye makadirio lifidiwe na punguzo kwingine. Kwa hiyo “ongezeni pesa za visima” haitoshi. Taja fungu litakalopunguzwa, na uwe tayari kwa hasira za kamati inayolilinda. Afisi ya Bajeti ya Bunge itakusaidia kupata mafungu ambayo hayatumiki kikamilifu mwaka hadi mwaka, nayo ndiyo rahisi kuyapunguza.

Bila kiranja, anajuaje apige kura vipi?

Anasoma. Hilo ndilo gharama ya uhuru. Kiranja huwapa watu wake muhtasari na msimamo. Mbunge huru atahitaji msaidizi mmoja anayeweza kusoma mswada wa kurasa 100 na kuutoa katika kurasa 2: unabadilisha nini, nani analipa, kamati imesema nini, wananchi waliotoa maoni wamesema nini.

Kura moja ina maana yoyote kati ya 349?

Siku nyingi haina. Siku nyingine inauma. Marekebisho ya Katiba yanahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233, na Februari 2019 mswada wa kanuni ya jinsia (kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili) ulikwama kwa kuwa idadi hiyo haikupatikana ukumbini. Kura zikilingana, hoja imeanguka, kwa sababu anayeongoza kikao hana kura.

Nitajuaje mbunge wangu alipigaje kura?

Inategemea kura ilipigwa vipi. Kwa kawaida Spika husikiliza sauti za “ndio” na “la” na kuamua. Hapo hakuna jina linaloandikwa, na mbunge anaweza kukwambia lolote. Majina huandikwa Bunge likigawanyika, yaani kura zikihesabiwa mbunge mmoja mmoja. Mswada wa Fedha wa 2024 ni mfano ambao Wakenya hawajausahau: Juni 20 ulipita usomaji wa pili kwa kura 204 dhidi ya 115, Juni 25 usomaji wa tatu kwa 195 dhidi ya 106, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Orodha za majina zilisambaa kwenye simu kabla jioni haijaingia. Wabunge wengi walijitetea kwa msimamo wa chama. Utetezi huo mbunge huru hana.

Kumbukumbu rasmi za mijadala, Hansard, ziko kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta kwa tarehe ya kikao, kisha jina. Kumbuka Jumatano kuna vikao viwili, hivyo kuna Hansard mbili.

Zile alama za “mbunge mchapakazi” zinaaminika?

Mzalendo Trust, shirika linalofuatilia kazi za Bunge, hutoa kila mwaka orodha inayotokana na idadi ya mara mbunge alizozungumza ukumbini. Ni kazi ya maana na tunaitumia. Soma kwa uangalifu tu: anayesimama mara 60 kusema “naunga mkono” huhesabiwa mbele ya aliyesimama mara 9 na kubadilisha vifungu 4. Kazi ya kamatini pia haionekani humo. Kwa mbunge huru sisi huangalia vitu vitatu: marekebisho yaliyopita, maswali na kauli alizoomba zikajibiwa, na ripoti za kamati zilizobeba mapendekezo yake.

Mwananchi anaweza kumsaidia vipi?

Mpe kitu kinachoweza kuandikwa. Tangazo la maoni ya umma likitoka magazetini, peleka maoni yako kwa Karani wa Bunge na nakala kwa mbunge, ukitaja kifungu na maneno unayotaka. Malalamiko yanayohusu mamlaka ya Bunge yanaweza kuwa ombi rasmi chini ya Ibara ya 119, likawasilishwa na mbunge kwa niaba yenu. Ukurasa mmoja wenye nambari za vifungu una kazi kuliko ujumbe wa watu 40 waliosafiri usiku kutoka kaunti hadi Nairobi kumpa mkono.

Mbona Tanzania hakuna wabunge wa namna hii?

Kwa sababu Katiba ya Tanzania, Ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama na apendekezwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga hilo mahakamani kwa miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kuzuia mgombea binafsi kunakiuka haki za raia. Katiba haijabadilishwa. Uganda ni kinyume chake: uchaguzi wa 2021 uliingiza zaidi ya wabunge huru 70, wengi wao wakiwa walioshindwa kwenye kura za mchujo za vyama.

Bunge likivunjwa, mswada wake ambao haujaisha unakwenda wapi?

Unaanguka. Muhula ukiisha kila mswada, hoja na ombi lisilokamilika huisha nao. Bunge jipya linaweza kuletewa mswada uleule, ila unaanza hatua ya kwanza, na mtu yeyote anaweza kuubeba. Mbunge huru aliyeshindwa uchaguzi anafanya vyema kumkabidhi mwenzake aliyerudi faili zima: rasimu, ripoti ya kamati, maoni ya umma na barua ya Waziri wa Fedha.